Chakula cha Babu Zetu na Safari ya Kupunguza Uzito: Somo Kutoka Kilima cha Mulago





Leo napenda tusome pamoja habari ya historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni, ingawa sehemu yake kubwa ilitokea hapa hapa Kampala, juu ya kilima cha Mulago.

Kilichonisukuma kuandika ni swali. Mwezi uliopita, baada ya darsa ya akina mama, mzazi mmoja alibaki nyuma akaniambia: "Ustadh, mimi nimechoka. Kabla ya nikahi ya mdogo wangu nilikaa wiki sita na supu ya kabichi na maji ya ndimu. Nikapungua kilo tisa, kila mtu akanisifu. Sasa zote zimerudi, na nyingine nne juu yake. Je, mimi nimeumbwa mnene tu, au sina subira?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu na mimi ni mgonjwa wa maradhi hayo hayo. Nina miaka 46, kazi yangu ni ya kukaa na wanafunzi kuanzia asubuhi hadi jioni, na kitambi changu wanafunzi wanakijua. Mara mbili nimejinyima nikapungua, na mara mbili uzito umerudi. Na mama yangu mzazi, Allah amrehemu, alikatwa vidole viwili vya mguu kwa kisukari kabla hajafariki. Kwa hiyo jambo hili kwangu si la kutaka umbo zuri. Nilimwomba yule mama anipe muda nikasome. Haya ndiyo niliyoyakuta.

DAKTARI ALIYEKUJA KUPAMBANA NA NJAA

Mwaka 1929 daktari kijana wa Kiingereza aitwaye Hugh Trowell alifika Kenya kufanya kazi katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1930 akahamia Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago na kufundisha udaktari Makerere. Wasomaji wa Kampala huenda wanalijua zaidi jina la mke wake, Margaret Trowell, kwani yeye ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale Makerere na shule ile bado ina jina lake.

Kazi kubwa ya Trowell ilikuwa kwashiakoo, yaani ule ugonjwa wa watoto wadogo wanaokosa lishe, wakavimba miguu na tumbo na nywele zao zikabadilika rangi. Mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Basi tukumbuke kwamba mtu huyu hakuja kutafuta wanene. Alikuja akakuta njaa, akaishughulikia kwa miaka mingi.

Lakini alikuwa na tabia nzuri ya kitaalamu: aliandika pia yale ambayo hakuyaona. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Mashariki, alishangaa kwamba karibu hakukutana kabisa na Mwafrika mnene. Kisukari kilikuwa adimu. Shinikizo la damu lilikuwa adimu. Ugonjwa wa mishipa ya moyo, ambao Uingereza ulikuwa tayari ukiua watu wengi, hapa aliutafuta asiupate. Ilipofika mwaka 1956 yeye na mwenzake mmoja walichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki taarifa ya Mwafrika mmoja aliyepatikana na ugonjwa huo wa moyo. Hebu fikiri: mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa habari ya kuandikwa katika jarida! Leo hakuna jarida litakaloandika hivyo, kwa sababu kila mmoja wetu ana jamaa wa namna hiyo nyumbani kwake.

Je, watu wa wakati ule walikula nini? Hapa Buganda ni matoke yaliyofungwa kwenye majani ya migomba yakapikwa kwa mvuke, pamoja na mchuzi wa karanga, maharage, mboga za majani, viazi vitamu na maboga. Wengine walikula ugali wa wimbi na mtama uliosagwa pamoja na ganda lake. Nyama ilikuwa ya siku maalumu. Mafuta ya kukaangia yalikuwa machache, na sukari karibu haikuwepo. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930, na ilichukua miaka mingi sukari hiyo kuingia katika kila kikombe cha chai kijijini.

Tazama jambo moja hapo, ndugu msomaji. Chakula hicho kilikuwa na wanga mwingi sana. Wale wanaotuambia leo kwamba wanga wote ni adui hawana budi kujibu swali hili: mbona babu zetu walikula matoke mchana na jioni na hawakuwa na vitambi?

ALIPORUDI MWAKA 1970

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, akaenda kwao na baadaye akawa kasisi. Mwaka 1970 alirudi kuitembelea Afrika Mashariki. Alichokiona kilimshtua. Mijini aliona watu wanene wengi, na katika miji mikubwa palikuwa na kliniki za kisukari zenye wagonjwa wengi. Kwa maoni yake maradhi hayo mawili, unene na kisukari, yalikuwa yamezaliwa wakati mmoja na yalikuwa yakikua pamoja kama mapacha.

Ilikuwa imepita miaka arobaini na moja hivi tangu alipofika mara ya kwanza. Watu walikuwa ni wale wale, na watoto na wajukuu wao. Damu haibadiliki kwa muda mfupi namna hiyo. Kilichobadilika ni maisha: sukari ikawa ya kila siku, unga mweupe uliokobolewa ukaingia, mandazi na chapati za mafuta zikawa kifungua kinywa, soda ikawa heshima ya mgeni, na kazi ya jembe na mwendo wa miguu vikaachiwa walioko kijijini.

Hapa nataka nisimdanganye mtu. Tusiseme kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Watu walikufa kwa malaria, watoto walikufa kwa kwashiakoo, na wembamba wa wengine ulikuwa ni wembamba wa shida. Kadhalika, wengi hawakufika hospitali, kwa hiyo daktari hakuwaona wote. Na waliokula matoke ndio hao hao waliolima tangu alfajiri. Hatuwezi kusema ni chakula peke yake. Hata hivyo, mabadiliko yalikuwa makubwa mno na ya haraka mno, na chakula kilikuwa na sehemu yake.

DAKTARI MWENYE JICHO MOJA

Mulago ilikuwa na daktari mwingine, Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja kwa ajali. Jina lake linajulikana duniani kwa sababu ya uvimbe wa taya wa watoto, aina ya saratani aliyoieleza mwaka 1958 na ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Akiwa Uingereza alikutana na daktari mstaafu wa jeshi la majini, T. L. Cleave, aliyeshikilia kwamba sukari na unga mweupe ndivyo vyanzo vya maradhi mengi ya Wazungu. Burkitt hakulichukua neno hilo hivi hivi. Aliandika barua kwa hospitali zaidi ya 100 za vijijini, nyingi zikiwa Afrika, akiuliza kila mara: je, mmeona ugonjwa huu? Mmeona ule? Majibu yakamrudishia picha ile ile aliyoiona Trowell.

Akaenda mbele zaidi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya muda ambao chakula huchukua kupita tumboni hadi kutoka. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita kwa nusu ya muda, au hata chini ya nusu, ukilinganisha na Waingereza waliokula mkate mweupe. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho kinu cha kisasa hukitupa: ganda la nafaka, nyuzinyuzi za mboga, za maharage na za viazi. Trowell ndiye aliyelieneza jina la nyuzinyuzi za chakula kwa maana ya kitaalamu mwaka huo huo wa 1972, na mwaka 1975 wazee hawa wawili wa Mulago wakatoa kitabu pamoja.

Si kila walichokisema kimethibitika. Wataalamu waliokuja baadaye wameona kwamba nyuzinyuzi hazitoshi kueleza maradhi yote waliyoyataja. Lakini sehemu kubwa imebaki, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku pamoja na gramu 400 za mboga na matunda.

Kuna jaribio moja dogo la Uingereza ambalo nawapenda sana wanafunzi walikumbuke. Lilichapishwa mwaka 1977 na Kenneth Heaton na wenzake, ambao walifuata njia ya Burkitt na Trowell. Watu kumi walipewa tofaa kwa namna tatu, kwa siku tofauti: tofaa zima, tofaa lililopondwa, na maji ya tofaa yaliyochujwa. Kiasi cha wanga kilikuwa sawa katika zote tatu. Maji ya tofaa yalimalizwa mara kumi na moja haraka zaidi kuliko tofaa zima! Na aliyekula tofaa zima alishiba zaidi kuliko aliyekunywa maji yake, ingawa sukari ilikuwa ile ile. Basi shibe haiko katika utamu tu. Iko pia katika kutafuna, katika muda, na katika zile nyuzinyuzi tunazozichuja na kuzimwaga.

Ama wanaume hawa wawili walikuwa Wakristo wenye kushika dini yao, na mimi ni mwalimu wa madrasa. Hilo halituzuii. Elimu yenye manufaa huchukuliwa kwa yeyote aliyeifanyia kazi.

KWA NINI KUJINYIMA HAKUDUMU

Mpaka hapa tumejua kwa nini tulinenepa. Bado hatujamjibu mama yetu: kwa nini kilo zinarudi? Jibu la swali hilo lilipatikana mbali na hapa, nchini Marekani, katika miaka ile ile ambayo Trowell alikuwa Mulago akitibu watoto wenye njaa.

Kuanzia Novemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa havijamalizika, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alitaka kujua namna ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa huko Ulaya. Vijana 36 wenye afya nzuri walijitolea. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamira zao, kwa hiyo walitafuta njia nyingine ya kuwasaidia wanadamu. Kwa muda wa wiki 24 walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku, viazi na mkate kwa wingi, huku wakitakiwa kutembea sana kila wiki.

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini tazama yaliyowapata. Mapigo ya moyo yalipungua. Walihisi baridi hata siku za joto. Walikasirika upesi na wengine walizama katika huzuni. Usiku waliota chakula, na mchana wengine walisoma vitabu vya mapishi kama mtu anayesoma hadithi. Na waliporuhusiwa tena kula, walikula mpaka tumbo limejaa na bado wakahisi njaa. Mwisho wa yote wengi wao walikuwa na mafuta mengi mwilini kuliko walivyokuwa kabla ya jaribio.

Sasa jiulize: je, vijana hawa hawakuwa na subira? La hasha. Walikuwa watu wa msimamo, walistahimili miezi sita. Mwili, kwa hekima ya Muumba wake, haujui kwamba wewe una nikahi ya mdogo wako. Unadhani kuna njaa katika nchi. Unapunguza matumizi yake, unazidisha hamu ya kula, na ukipata chakula unaweka akiba.

Utafiti mwingine wa Marekani ulichapishwa mwaka 2016. Watu 14 waliowahi kupungua kwa kasi kubwa katika mashindano ya televisheni walipimwa miaka sita baadaye. Walikuwa wamepoteza kwa wastani kilo 58, na kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi. Miili yao ilikuwa bado inatumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao, kwa takriban kalori 500 kwa siku. Hata zile dawa mpya za sindano za kupunguza uzito, zinazosifiwa siku hizi, imeonekana kwamba mtu akiziacha sehemu kubwa ya uzito hurudi.

Na sisi tuna mfano wetu wa karibu. Tafiti za wanaofunga Ramadhani zimeonyesha kwamba wengi hupungua kidogo, kama kilo moja hivi, kisha baada ya wiki chache za mwezi wa mfungo mosi kilo hiyo inarudi. Saumu ni ibada na malipo yake yako kwa Allah. Hatufungi kwa ajili ya mizani. Lakini hata hapo tunaona kanuni ile ile: linalofanyika kwa muda huleta matokeo ya muda.

Nilipofika hapa nilikumbuka hadithi mbili ambazo watoto wetu wa darasa la pili wanazijua. Ya kwanza ni ile aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib, ambamo Mtume (S.A.W.) anafundisha kwamba vijilo vichache vinamtosha mwanadamu, na asipoweza basi aligawe tumbo lake mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Ya pili ni ile ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba amali zinazopendeza zaidi kwa Allah ni zile zinazodumu hata kama ni chache. Nilikuwa nikiifundisha hii ya pili katika mlango wa swala za usiku. Sikuwahi kuipeleka mezani.

BASI TUFANYE NINI?

Marekani kuna daftari la utafiti lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, linalofuatilia watu waliopungua angalau kilo 13.6 wakadumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Njia zao za kupungua zilitofautiana sana. Lakini katika kudumu walifanana: wengi hutembea au kufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, hujipima mara kwa mara, na hula kwa utaratibu ule ule siku za kazi na siku za sikukuu.

Nikiyaunganisha hayo na yale ya Mulago, nimepata mambo manne ambayo nyumba yoyote ya kwetu inaweza kuyaanza bila kununua kitu cha ajabu.

1. Tuanze na kikombe. Mtu anayeweka vijiko vitatu vidogo vya sukari na kunywa vikombe vinne kwa siku anakunywa karibu gramu 48 za sukari, sawa na kalori 190 hivi, na tumbo halijui kwamba limekula. Apunguze nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Ulimi utazoea.

2. Tule tunda, tusilinywe. Chungwa, papai, embe na nanasi zitafunwe. Juisi iwe ya mgeni, na glasi iwe ndogo.

3. Turudishe maharage, mboga za majani, karanga na unga usiokobolewa. Matoke na viazi havikufukuzwa. Sahani ianze na mboga na maharage, kisha wanga, na mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu.

4. Tuiheshimu walima. Siku ya harusi ule pilau, ufurahi na wenzio. Siku moja haikunenepeshi. Kesho yake rudi kwenye utaratibu wako bila kujiadhibu kwa njaa, kwa sababu adhabu hiyo ndiyo inayoamsha ile hofu ya mwili tuliyoisoma.

Na kipimo cha kuchagua utaratibu wowote kiwe swali moja: je, naweza kula hivi nikiwa na miaka 70, pamoja na watoto na wajukuu wangu, katika sinia moja? Kama jibu ni hapana, uzito utakaopungua nao utakuwa wa kuazima. Kilo moja kwa mwezi ni ndogo machoni, lakini ikidumu mwaka mzima ni kilo kumi na mbili. Mwenye kisukari au presha anayetumia dawa azungumze kwanza na daktari wake, kwani chakula kikibadilika na kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilika.

Nilimrudia yule mama nikamwambia kwamba hakukosa subira, bali subira yake aliitumia yote katika wiki sita. Akacheka, akasema ataanza na chai. Mimi nimeanza na chai na mwendo wa miguu baada ya Alfajiri. Mpaka leo ni wiki ya tano na nimepungua kilo moja na nusu tu. Mke wangu anasema kitambi bado kipo, na amesema kweli. Lakini hii ni mara ya kwanza nimepungua bila kuota chapati usiku.

Tumwombe Allah (S.W.) atupe afya ya kumwabudu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atuwezeshe kudumu katika mema hata kama ni machache. Aamin.